Gari Lililonguruma Likiwa Limezimwa

Jamani, nikianza kusimulia hili mke wangu hutoka nje kwanza, anasema aibu ile ilimpata na yeye, lakini ngoja niwaambie tu, ninyi ni watu wangu, na mkicheka mcheke kwa heshima.

Ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, kwa akina Minza, Kalemela kule Busega. Mimi niko Bariadi, nauza vipuri vya pikipiki, na watu wa vipuri mnatujua, tunajiona mafundi (wakati kazi yetu ni kusoma maandishi ya kwenye boksi). Sasa shemeji yangu Rajabu, mume wa dada Kabula, alikuwa amekuja kutoka Mwanza na gari lake la spoti, jekundu, viti viwili tu, limelala chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magoti ya wapita njia. Akaniambia, "Maduhu, chukua hili uende nalo, wakwe wakuone. Ila gari za hivi unazijua? Nikuelekeze kidogo?"

Nikamjibu, "Shemeji, gari ni gari."

Basi hapo ndipo nilipojimaliza. Nikaenda kuoga, dada akapakia zawadi (sukari, vitenge vya mama mkwe na koti zito la baba mkwe), akasema ameziweka kwenye buti, nikaitikia bila kuangalia, nikamchukua mjomba Sayi aliyekuwa msemaji wangu, tukaondoka.

Kwenye lami raha tupu, mpaka Lamadi watu wanageuza shingo, ila tulipoacha lami tumbo la gari likaanza kukwangua mawe, na kila likikwangua mjomba anaita "Yesu!" Tukaingia uani kwa wakwe jua likiwaka, watu wamejaa, nikazima gari, nikashuka, nikamwendea mzee kwa adabu, "Mwangaluka, baba." Kabla hajaitikia akaangalia nyuma yangu.

"Mbona unaliacha linanguruma?"

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nikageuka, nikasikia kweli, mbele linafanya vuuuuu kama feni, na nyuma tik, tik, tik, kama kuna mtu anagonga bati kwa kijiko. Nikarudi, nikaliwasha, nikalizima tena, likaendelea vilevile! Sasa gari limezimwa, taa zimezimika, hicho kinachonguruma kinangurumishwa na nini? Kichwa kikagoma kabisa. Mjomba akaninong'oneza, "Maduhu, hili gari lina nini?" Nikamwambia anyamaze, nasikiliza. (Nilikuwa sisikilizi chochote, nilikuwa natokwa na jasho.)

"Ni nini hiyo?" mzee akauliza tena.

Ningesema sijui, mbele ya ukoo mzima? Nikasema, "Injini imechemka, baba. Naomba maji."

Minza mwenyewe akaleta ndoo. Nikavuta kidude chini ya usukani, boneti ikanyanyuka upana wa vidole viwili ikakwama, nikapapasa kitasa cha pili mpaka nikachubuka, sikukiona. Nikaona isiwe taabu, kelele si inatoka humohumo mbele, nikamimina maji kwenye ule upenyo. Ndoo ya kwanza, vuuu. Ya pili, vuuu. Ya tatu ilipoisha, kelele ikakata ghafla, watu wakapiga makofi, na mzee akasema, "Tumepata fundi." Mjomba akakohoa kwa maringo kama yeye ndiye aliyenifundisha.

Furaha haikudumu, maana chini ya gari yakaanza kudondoka maji mazito, ya bluubluu, na mbuzi wawili wakaja mbio kuyalamba. Nikakumbuka nimewahi kusikia kwamba maji ya rejeta ni matamu na yanaua mifugo. Nikapiga kelele, "Waondoeni mbuzi! Ni sumu hiyo!" Ikawa vurugu, watu wanakimbiza mbuzi, mbuzi wanarudi, mama mkwe kapoteza kandambili moja, na katikati ya vurugu hizo bibi yake Minza akainama, akachovya kidole, akakitia mdomoni.

"Bibi, tema!" Nilijua nimeshaua mtu siku ya kujitambulisha.

Bibi akachovya tena. "Yaya," akakataa kwa Kisukuma, "sitemi. Hii ni sukari."

Hapo hakuna aliyeelewa kitu, na mimi ndiye niliyekuwa gizani kuliko wote. Sukari kwenye injini? Nikampigia Rajabu, mzee akaamuru, "Weka sauti kubwa tusikie wote."

"Shemeji, gari nimelizima lakini lilikuwa linanguruma."

"Hiyo ni feni tu, ukitoka safari inaendelea kupooza, halafu inajizima yenyewe. Na ukisikia tik tik, ni bomba la moshi linapoa. Usiguse kitu."

"Nimeshaimwagia injini maji."

"Umeimwagiaje? Injini iko nyuma ya kiti chako."

"Nimemwaga mbele, ndoo tatu."

"Maduhu! Mbele ni buti!"

Ukoo mzima ulisikia. Rajabu akanielekeza kitasa kilipo, boneti ikafunguka, na mle ndani mifuko ya sukari imenywea, vitenge vinachuja rangi, koti la mzee limekunywa maji mpaka limevimba. Nilitamani kurudi Bariadi kwa miguu. Mzee akalinyanyua lile koti, likamwaga maji na sukari miguuni pake, akalitazama kwa muda mrefu, na mimi nikasema moyoni, mke sina tena.

Kisha akalivaa. Hivyohivyo, linachuruzika, nzi wameshaanza kuja. Akafunga na vifungo.

"Kwa jua hili," akasema, "mkwe wangu amefikiria vizuri. Karibuni ndani."

Nikamfuata nimeinamisha kichwa. Na tangu siku hiyo, ndugu zangu, mtu akitaka kunielekeza kitu, hata kama ni kufungua mlango wa choo chake, nakaa chini namsikiliza mpaka amalize.