Maua Yaliyolalia Upande Mwingine

Pale Nambis, nyumba ya bati jekundu ukishapita kisima, anakaa Gaudensia, mke wa Onesphory. Ukipita asubuhi utamkuta anakamua ng'ombe, ukipita jioni utamkuta na sindano ya kroshia mkononi. Makochi ya majirani wengi yamevaa vitambaa vyake. Sasa nisikilizeni niwaambie jinsi mkono huohuo ulivyomchanganya akili mpaka akakaribia kulia.

Binti yake Loveness alikuwa anaolewa Dongobesh. Katika ukoo ule binti haondoki bila kitambaa cha meza kilichofumwa na bibi yake. Bibi mwenyewe ni Helena, mama yake Onesphory. Alikuwa amekifuma kwa vipande vya mraba, kila kipande na ua lake katikati, petali zimelaliana upande mmoja kama mapanga ya pangaboi. Safu ya mwisho ilikuwa bado haijafumwa macho yalipomwishia nuru. Akamwita mkwewe.

"Malizia wewe, Mama Loveness. Mimi ndiye niliyekufundisha. Mkono wako ni mkono wangu."

Gaudensia alifurahi kuliko siku aliyopewa mtamba. Akafuma kipande, akakiweka kando ya vile vya mama mkwe ili akiunge. Akakunja uso. Maua ya mama yamelalia huku, lake limelalia kule.

Akakizungusha. Likazunguka nacho, bado limelalia kulekule. Akakigeuza upande wa nyuma. Loo, hapo likalala sawa, lakini sasa unaona mgongo, mafundo yote nje. Akafumua.

Akafuma tena taratibu, akihesabu kwa sauti, hata Onesphory akamuuliza anasali rozari gani isiyoisha. Kulekule. Akadhani ni uzi, maana ule wa mama ulinunuliwa zamani. Akaazima sindano ya mama mwenyewe, pengine siri iko kwenye ncha. Kulekule.

"Wifi," akasema Kornelia, dada yake Onesphory, aliyekuja kuchukua maziwa, "mbona maua yako yamempa mama mgongo? Mmegombana?"

"Kornelia, usinichokoze. Kaa hapa uniangalie ninapokosea."

Kornelia akakaa, akatazama kwa makini kama mtu anayejua. Sindano hajawahi kuishika. "Sioni kosa. Labda ya mama ndiyo yamekosea."

"Yote hayo?"

"Basi wakwe wakija Jumamosi tuwaambie wakitazame kitambaa kwa mgongo."

Wakacheka, lakini usingizi wa Gaudensia uliharibika. Miaka yote alikuwa akifuma vitambaa vyake vizima, peke yake, hajawahi kuunga kipande chake na cha mama. Je, kumbe hakuwahi kufundishika? Na Loveness aende kwa watu na kitambaa chenye pengo? Alikuwa akiweka sufuria motoni, anasahau kutia maji.

Siku mbili kabla ya sendofu ya Jumamosi, sherehe ya kumuaga binti, akaona aibu haisaidii. Akaingia chumbani kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Mama, sijamaliza. Maua yangu yanakataa." Akamwekea vipande viwili mapajani. Helena akavipapasa, hiki kisha hiki. Akarudia.

"Hili limegeuka," akasema.

"Ndiyo hilo, mama. Sijui kwa nini."

"Anza jipya hapa, nikushike mikono."

Gaudensia akachuchumaa mbele yake, akaanza. Vidole vya mzee vikatembea juu ya uzi, vikafika kwenye sindano, vikasimama.

"Huu si mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe unatumia kushoto?"

"Hapana. Ugali nakula kwa kulia, kuni napasua kwa kulia." Akautazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mgeni. "Kufuma tu. Nilikuona wewe unashika huku."

"Mimi nashika kulia, binti yangu. Ulikuwa umekaa wapi?"

Gaudensia akajaribu kukumbuka. Alikuwa amekaa wapi? Alikuwa bibi harusi mpya, na kwa adabu ya nyumba ile mke wa mtoto hakai ubavuni mwa mama mkwe. Mama alikaa kule, yeye huku, moto katikati. Mkono wa mama ulipoinuka upande ule, naye aliinua ulioelekeana nao, wa kushoto.

Helena akacheka hadi akakohoa. "Na hakuna aliyeona!"

"Nani anaangalia mkono, mama? Watu wanaangalia ua."

"Sogea. Kaa hapa, ubavuni."

"Mama..."

"Kaa. Binti anaagwa Jumamosi, adabu itatungoja."

Akakaa kwenye kitanda cha mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu aolewe, nusu tako. Sindano kulia. Uzi ukateleza, matundu yakawa makubwa ya kupitisha maharage, mwenye vitambaa vya kijiji kizima akawa kama mtoto wa chekechea. Lakini ua lililala sawa na ya mama. Wakafuma hivyo, mmoja akiona, mwingine akipapasa, mpaka kikabaki kipande kimoja cha kwenye kona.

Hicho alikifuma alfajiri ya Jumamosi, wapishi wakimwita nje. Alipokimaliza hakujua tena alikuwa ameshika mkono gani. Akampelekea mama.

Helena akapapasa, akatabasamu. "Limerudi ng'ambo ya moto."

"Nilifumue? Wakwe wako njiani!"

"Unga hivyohivyo. Hiyo ndiyo kona yako."

Kornelia akakitandaza mbele ya wakwe, akapiga vigelegele, Loveness akakikumbatia. Jikoni Gaudensia aliushika mwiko ili asonge ugali wa wageni, akasita. Akauhamishia mkono mwingine. Akaurudisha.

"Wifi, songa basi, watu wana njaa!" akaita Kornelia mlangoni.

"Subiri kidogo," akasema, akiitazama mikono yake miwili.