Mpima vioo wa Jadida amechoka kusema kweli

Jua la asubuhi limeshaingia uani, Jadida, mjini Wete, Pemba, na Bi Mwanawema Talib amekaa juu ya kigoda na chupa ya kijani mkononi. Haitazami. Uso ameuelekeza ukutani kwa jirani, na ukucha wa kidole gumba unapanda taratibu kutoka kitakoni kwenda mdomoni.

"Nautafuta mshono," anasema. "Kioo kilotiwa kalibuni kina mshono, kama kanzu. Ukipanda mpaka ukavuka mdomo, hicho cha mashine, cha juzi juzi. Ukikomea shingoni, basi mdomo ule kaumaliza mtu kwa mkono. Hicho ndicho cha zamani."

Ukucha unafika juu na kuvuka. Bi Mwanawema anashusha pumzi na kuiweka chupa kwenye beseni la vitu vya kurudishwa kwa wenyewe. Beseni hilo limejaa. La pili, la vitu vya zamani, lina bilauri moja tu.

Ana miaka 67, na macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli, basi. Lakini hata alipokuwa anaona vizuri, anasema, kazi yenyewe ilikuwa ya vidole.

Aliianza bila kujua kama anaianza. Marehemu mumewe, Mzee Mabruki, alikuwa akinunua chupa tupu majumbani na kuwauzia watu wa asali na mafuta ya nazi. Kuziosha ilikuwa kazi ya mke. Ameosha chupa hadi mikono ikajua ipi nyepesi, ipi ina mapovu ndani ya kioo, ipi ina kovu kitakoni pale ilipokatwa kwenye fimbo ya mpuliza kioo.

"Na kitako kinasema," anaongeza. "Kioo cha kutumika kimejikuna chini ovyo ovyo, kwani kila siku kinawekwa vyengine. Ukiona mikwaruzo yote imelala upande mmoja, juwa mtu kakaa na msasa."

Leo neno lake ndilo bei. Hafiz, mwenye duka la vitu vya kale huko Unguja, ananunua kwa simu. "Bi Mwanawema akisema cha zamani, mimi natuma pesa kabla boti haijafika," anasema. Kwa kila kilichouzwa humkatia Bi Mwanawema chake. Mwezi mwingine anapata mchele na umeme, mwingine anapata mchele tu.

Kinachomchosha si hicho. "Kila mtu anakuja na kioo cha bibi yake," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka kidogo. "Na bibi mwenyewe anazeekea njiani. Akitoka kwao ana miaka thamanini, akifika kwangu ana mia mbili. Haya, miye ndo niwambie watu sivyo."

Kuna mmoja aliyemwambia sivyo ambaye hadi leo hajamtoka moyoni.

Ni Bi Siti Haitham wa Wambaa. Alikuja mwaka huu, masika yakikaribia, na mrashi wa bibi yake, kile chombo chenye shingo ndefu cha kuwanyunyizia wageni marashi harusini. Upepo ulikuwa umeichukua nusu ya paa la nyumba yake na familia nzima imejibana chumba kimoja. Hafiz alishaiona picha ya mrashi akaupenda. Likabaki neno la Bi Mwanawema.

"Nkapandisha ukucha, mshono ukavuka mdomo. Nkarudia. Ukavuka. Chini hamna kovu," anasimulia. "Nlitamani nikosee. Shetani alinikalia hapa," anagusa bega. "Aniambia, sema wa zamani, Hafiz hatoutazama, na huyu mtu atalala pakavu."

Akamwambia Siti kweli. Siti akakataa. Bibi yake alikuja nao mwenyewe alipoolewa, mama yake alimwonesha, vipi uwe wa juzi?

"Bibi alikuja na mrashi, mwanangu," Bi Mwanawema alimjibu. "Siyo huu."

Mwenye mrashi Pemba hamnyimi mtu. Unaazimwa harusi hii, unaazimwa maulidi yale, unarudi umefungwa kwenye kanga na ahsante juu yake. Bi Mwanawema hana shaka kwamba katika harusi moja, mwaka usiojulikana, mtu aliuvunja, akaona haya, akatafuta unaofanana dukani, akaufunga kwenye kanga ile ile. Mama yake Siti akapokea, wala hakufungua kutazama.

"Nani?" Siti aliuliza.

"Harusi zote zile, mwanangu, n'jue nani?"

Lakini vidole vilikuwa bado kitakoni, na kitako kilikuwa kimechakaa kweli, ovyo ovyo, bila msasa. Akamwambia na hilo. Mrashi huu nao umetembea. Huu ndio ulomnyunyizia Siti mwenyewe alipoolewa.

Siti akasema, "Mama kafa hajui." Baadaye kidogo akaongeza, "Au alijua." Akaufunga mrashi wake. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza, "Na mrashi wako, Bi Mwanawema, ushaugeuza ukaupima?"

Kwa simu kutoka Wambaa, Siti anasema hana kinyongo, ila hafichi. "Angenidanganya, ningelala pakavu." Nusu ya paa ameezeka makuti, na yanavuja. Na mrashi? "Haupo. Umeazimwa, una harusi."

Bi Mwanawema anasubiri kuitwa kwa operesheni ya macho. Akipona anataka kusoma msahafu mwenyewe badala ya kusomewa. Chupa, basi. "Nshachoka kuwavunja watu moyo."

Anaingia ndani na kurudi na kitu kilichofungwa kwenye kanga iliyopauka. Ni mrashi wa mama yake. Anampa mwandishi aushike, na mwandishi, bila ya kufikiri, anaanza kuugeuza. Mkono wake unadakwa.

"Uwache ulivyo," anasema Bi Mwanawema.

Anaufunga upya, polepole. Mjukuu wake, Suhaila, anaolewa baada ya Mfungo, na mrashi ni huu huu. Kisha utaazimwa, kama ilivyo ada.

"Nina moja tu ntalosema siku hiyo," anasema Bi Mwanawema. "Atakouvunja aje aniambie. Sitomuuliza kitu."