Barua na Kibarua

Siku moja kabla ya Sikukuu ya Wafanyakazi, katika ofisi ya hoteli moja hapa Malindi, nilimwona mama wa makamo, ambaye amefua mashuka pale miaka kumi na mmoja, akimwomba karani barua ya ajira.

Karani hakumpa hata shikamoo. "Mama, wewe si kibarua? Barua ya nini tena?"

Mama akajifuta mikono kwa leso. "Mwanangu, marehemu baba aligoma bandarini, akapigwa virungu. Lakini barua alipewa."

"Hayo ni ya kale." Karani akamtupia bango la kitambaa: HESHIMA KWA MFANYAKAZI. "Lipige pasi, litundikwe langoni. Na kesho usichelewe kazini."

Wazee wetu walivunjwa mbavu wakidai barua. Nasi tumeipata, ila imetiwa "ki" mbele.