Nilitumwa ujumbe kwa mtawa kipofu Ufaransa, nikaishia kutalii makasri

Wakuu, nawasalimu wote, mliolala na mlio macho.

Kisa hiki ni changu na ni cha kweli. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana humu ndani kila anayesimulia naona ndiye shujaa. Mimi leo siyo shujaa. Nimekikalia zaidi ya miaka ishirini na mke wangu mwenyewe anajua nusu tu.

Ni mwaka 1999. Nipo Toronto mwaka wa nne, kijana kutoka Lushoto, naishi Malton jirani kabisa na uwanja wa ndege, kwenye basement ya Mhindi mmoja mpole. Kazi yangu ni kupakia na kupakua mizigo kwenye ghala la shirika moja la ndege. Mgongo unauma, baridi inaingia mpaka kwenye fizi.

Ila kazi ile ilikuwa na utamu mmoja. Tulikuwa tunapata tiketi za wafanyakazi, zile za stand-by. Unakaa uwanjani na begi lako, kikibaki kiti unapanda, kisipobaki unarudi nyumbani kulala.

Sasa pale ghalani, kwenye chumba cha kulia chakula, kulikuwa na kalenda ya vijiji vya Ufaransa. Mwezi wa pili ulikuwa na picha ya kasri la mawe limezungukwa na maji, na kanisa dogo nyuma yake. Hakuna aliyejisumbua kufunua ukurasa, kwa hiyo lile kasri nililitazama mpaka mwezi wa nne nikila mkate na mayai.

Nikaapa kwamba tiketi yangu naenda kule. Wenzangu wanawaza kwenda nyumbani kuoa, mimi nawaza mawe.

Jumapili mchana tulikuwa tunasali kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa kuazima. Wakenya, Watanzania wachache, na Wakongo wengi waliokuja baada ya vita. Nikatangaza safari yangu pale, kwa kujisifu kidogo, siwafichi.

Mnajua desturi yetu. Ukisema unasafiri, wewe si msafiri tena, wewe ni posta. Nikadhani Ufaransa nitapona, nani ana ndugu kijijini Ufaransa?

Mama Neema alikuwa naye.

Huyu alikuwa mama wa Bukavu, wakati ule ana kama miaka hamsini, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Alikuwa na binti mmoja, Neema, wa miaka kumi na mitatu. Mimi sikuwa na ndugu mji mzima, na huyu mama ndiye aliyekuwa ananiwekea chakula. Sombe yake, kisamvu cha Kikongo, ilinitoa kwenye upweke mara nyingi kuliko maombi, Mungu anisamehe.

Mama mzazi wa Mama Neema alifariki akimzaa. Akalelewa misheni na mtawa wa Kifaransa, Sista Odile. Huyo ndiye aliyemfundisha kutembea, kusoma na kudarizi. Alimpa na jina la utani, Kapanya, kwa sababu hakupenda mkasi, alikuwa anakata uzi kwa meno.

Sista alizeeka akarudishwa kwao Ufaransa. Vita vikaja. Kule kwao akaambiwa kwamba wasichana wake wote wa misheni wamekufa.

Mama Neema alipofika Canada aliandika barua. Watawa wakamjibu kwamba Sista haoni tena, wamemsomea, ila haamini. Anasema wanamtuliza tu kama wazee wanavyotulizwa. Simu nayo masikio hayakuruhusu. Na mama mwenyewe karatasi zake za ukimbizi zilikuwa bado, hawezi kutoka nje ya nchi.

Akanikalisha mezani kwake, akaniwekea mbele kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, maua ya zambarau pembe nne.

"Elia, mutoto yangu," akasema, "barua, anasema banamudanganya. Sauti ya mutu mwenye anatoka kwetu, ile ataamini. Umushike mukono, umupe hii, umuambie na Kiswahili: Kapanya iko muzima, angali anakata uzi na meno. Kisha umuache alie."

Nikasema, "Mama, hilo tu? Hesabu limeisha."

Akawaandikia watawa kwamba nitafika Alhamisi ya wiki ya safari yangu. Wakajibu kwamba wananiandalia chumba cha mgeni, na asubuhi yake watanipeleka stesheni kwa gari lao.

Basi nikapanda. Kiti kilibaki.

Wakuu, kule ni kuzuri, tusidanganyane. Nilipanga chumba kwenye mji mdogo, na kila asubuhi natoka na mkate, jibini na kamera yangu. Njia za miguu wamezichora alama, mstari mweupe na mwekundu kwenye mti au kwenye jiwe. Unafuata alama msituni, unavuka kijito, unatokea kwenye kanisa la miaka mia saba ambalo mlango uko wazi na ndani hakuna mtu. Unaingia, baridi ya mawe inakupokea, unakaa peke yako. Nilikuwa nasikia raha mpaka naona aibu.

Na makasri ndiyo usiseme. Mengine yana watu wanaoishi humo na nguo zimeanikwa nyuma. Nilimaliza filamu tatu kwa siku nne, nikiwaza nitakavyozituma Lushoto waone nilipofika.

Kijiji cha watawa kilikuwa kilomita tisa kutoka nilipofikia. Basi lilikuwa linakwenda Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Ningeweza kwenda Jumanne. Nikasema aah, wananitegemea Alhamisi.

Alhamisi ikafika. Basi la asubuhi nililiacha kwa makusudi, maana kulikuwa na kasri moja sijalifikia, njia yake kilomita saba kwenda, saba kurudi. Nikajiambia nitawahi la saa kumi. Begi nimeliacha kwa mwenye nyumba, kitambaa kimo ndani, kimefungwa kwenye karatasi.

Nikalifikia kasri. Nikapanda mnara, nikapiga picha, nikakaa juu kule kama mwenye mali. Nilipoangalia saa, muda ulikuwa umekwenda. Nikarudi mbio, nikafika kituoni saa kumi na nusu. Basi limeondoka.

Sasa hapa naomba msome polepole.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliachwa na basi. Hata nafsini mwangu nilikuwa natumia maneno hayo, "niliachwa na basi". Lakini mwezi wa tano kule jua linazama baada ya saa tatu usiku. Zilikuwa zimebaki karibu saa tano za mwanga. Nilimuuliza mama wa duka, akanionyesha barabara kwa mkono, moja kwa moja, haina kona. Kilomita tisa ni nini kwa mtoto wa Lushoto? Shule ya msingi nilikuwa natembea zaidi ya hizo pekupeku kwenda na kurudi. Na siku ileile nilikuwa nimeshatembea kumi na nne kwa ajili ya mawe.

Miguu haikuwa inauma. Sikutaka tu.

Niliogopa kukaa na bibi kipofu anishike mikono alie, na mimi nisijue pa kuangalia. Nilitaka likizo yangu iishe vizuri. Nikanunua mkate mwingine, nikakaa kando ya mto, nikamalizia filamu kwa kupiga picha mnara wa kanisa.

Kesho yake stesheni ya Paris nikakitia kitambaa kwenye bahasha, nikaandika anwani, nikatuma kwa posta. Bila barua. Kifaransa sikujua, ila Kiswahili ningeweza kuandika, na kulikuwa na mtu wa kumsomea hata kwa kubabaisha. Sikuandika hata neno moja, kwa sababu neno lolote lingeonyesha kwamba nilikuwepo na sikufika.

Nimerudi Toronto, Mama Neema ananisubiri kwake na ugali na samaki.

"Ulimuona?"

Nikasema nilimuona.

Njia ya mwongo fupi, lakini ile siku mimi niliitembea kwa raha zote. Nikasema alinishika mikono. Nikasema alilia. Nikasema alitamka "Kapanya wangu".

"Alisema na Kiswahili?"

"Kiswahili kabisa, Mama."

Akaweka kichwa mezani akalia, na binti yake Neema akaja mbio akimuuliza, "Mom, what happened?" Jumapili mama akasimama kanisani akatoa ushuhuda. Watu wakapiga vigelegele. Nikaitwa mbele nikashikwa mkono na kila mtu, mchungaji akasema huyu ndiye mjumbe mwaminifu. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi wa nane akaniita tena kwake. Nikala, akaondoa sahani, akafuta meza. Halafu akaleta barua.

Akaniambia nisome bahasha. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, nikaliona jina lake na neno la familia, mengine sikuyaelewa. Akanitafsiria yeye mwenyewe, kidole juu ya karatasi.

"Kwa familia ya marehemu."

Marehemu ni yeye mwenyewe Mama Neema, wakuu. Ilikuwa barua ya rambirambi ya kifo chake.

Watawa waliandika kwamba Alhamisi ile Sista alivalishwa vizuri, akakaa karibu na mlango tangu asubuhi. Mgeni hakuja. Siku chache baadaye kikaja kitambaa, bila mtu, bila neno. Sista akakipapasa, akayatambua maua. Aliishi Kongo miaka mingi, anajua vitu vya mtu vinapoletwa kwenu bila mwenyewe maana yake nini. Akasema, basi ni kweli. Akaomba misa ya marehemu kwa ajili ya Kapanya. Na wao wakaamini kwamba amefariki baada ya barua yake ya mwisho, maana yule aliyeahidiwa hakutokea. Baada ya wiki tatu Sista naye akafariki. Walimzika na kile kitambaa.

Mama Neema akaikunja barua.

Nilijaribu kusema kuhusu basi. Nilifika kwenye "Mama, basi li..." nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ananiangalia bila hasira, na hilo sikulitegemea.

Akasema, "Ameenda kunitafuta kule, na miye niko hapa."

Akanifungia chakula cha kwenda nacho kama kawaida. Nikakibeba. Nilikipakata kwenye basi mpaka Malton nikitamani angenitukana, na nyumbani sikuweza kukila wala kukitupa.

Hakumwambia mtu. Sio mchungaji, sio Neema. Kwa hiyo sifa yangu ikabaki palepale. Mwaka uliofuata nilipokwenda nyumbani Tanzania, watu walipanga foleni baada ya ibada kunipa bahasha, dawa, simu za wazazi wao, maana Elia anafikisha. Mama Neema alisimama kwenye ile foleni hadi zamu yake ikafika. Akanipa mkono, akanitakia safari njema, akaondoka. Hakunituma kitu. Mpaka leo hajawahi kunituma kitu.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Juu ya mjumbe asiyefika hawakusema lolote, labda waliona haiwezekani.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipewa salamu za mtu, umebeba mtu. Ukishindwa kufika, sema nimeshindwa, siku hiyohiyo, hata kama utaonekana mjinga. Ningepiga simu moja kutoka pale dukani, mzee wa watu angekufa na furaha yake. Namba ya watawa ilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa kwa nini naandika leo. Mwezi ujao Mama Neema anatimiza miaka sabini na tano. Neema ni mtu mzima, ana watoto wake, na juzi amenipigia.

"Uncle, you have to tell the France story. The kids love that story."

Anataka nisimulie ile safari kwenye sherehe, watoto wake wanaipenda. Nikampigia mama mwenyewe, mara ya kwanza tunaligusa jambo hili tangu ile siku ya barua. Nikamuuliza niseme nini mbele ya wajukuu.

Akasema, "Sema yenye utaweza kusema na miye nimekaa pale nakuangalia."

Akakata simu.

Wakuu, ukumbi umeshalipiwa na jina langu limo kwenye ratiba, baada ya keki. Nipeni mawazo. Wa kunitukana pia karibuni, nimejiandaa. Ila naomba mtu asiniambie kwamba niliachwa na basi.