Mkono Uliokuwa Unauza Saa

Mimi sivuti bangi wala sinywi gongo, na siku hiyo nilikuwa nimekula nikashiba. Nasema mapema kwa sababu najua utakachosema. Utasema niliota. Haya, niambie wewe, ndoto gani inakuachia saa mkononi? Saa yenyewe ninayo hapa ninapokusimulia, imo ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati, na siivai tena.

Mimi ni mtu wa Nachingwea, nina duka la vifaa vya ujenzi, na ugonjwa wangu ni saa za mtumba. Sizungumzii hizi za kuchaji zinazokuhesabia hatua. Nazungumzia saa za zamani za mishale, zisizo na betri, zinazojijaza zenyewe kwa kutikiswa na mkono wa aliyezivaa. Tupo wengi, usitucheke. Tuna kundi letu la simuni, lina wadau wa Dar, wa Tanga, wa Mbeya, na sisi wachache wa huku kusini. Mtu anaweka saa yake, wenzake wanaikagua kama mawifi wanavyomkagua bi harusi, bei ikikubaliwa saa inapakiwa kwenye basi.

Kwa vile matapeli wamejaa, kundi lina sheria. Muuzaji lazima apige picha akiwa ameivaa saa, pembeni kuwe na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, ili tujue saa ipo na yeye yupo. Mnunuzi naye akishapokea anapiga picha akiwa ameivaa, mishale ilingane na saa ya simu, ndipo admini anafunga biashara. Sheria hiyo ishike vizuri, maana ndiyo iliyonimaliza.

Kilichonitia ugonjwa huu ni saa ya baba. Baba alikuwa mkulima wa korosho Chinongwe, na katika maisha yake hakuvaa kitu kingine cha thamani. Aliipanga saa yake kwa akili yake mwenyewe. Si unajua sisi tunasema saa moja asubuhi wakati mshale mfupi uko kwenye saba? Baba hakuutaka ujinga huo. Kwake, ikiwa ni saa moja, mshale ukae kwenye moja. Kwa hiyo tarehe ya saa yake haikubadilika usiku wa manane kama za watu. Ilikuwa inaruka mishale ikikutana juu, yaani kwake saa kumi na mbili jioni, na yeye anasema ndivyo inavyotakiwa, siku ya Mwislamu inaingia jua likizama. Kabla ya kwenda kutia udhu alikuwa anasimama mlangoni, anaingojea iruke, ikiruka anatabasamu.

Alipofariki, nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mkono wa kushoto niliushika mimi. Ulikuwa na kovu la panga lililokata kifundo kwa mshazari, na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu ujana wake. Saa haikuwepo. Siku ya arobaini tulipokaa kugawana nguo na vitu vyake nikaiulizia, baba mdogo akajibu kwamba ameshaiuza kwa mpita njia, eti msiba ulikuwa na gharama. Msiba ule niliugharamia mimi. Sijamsamehe mpaka leo, na sitafuti dawa ya kumsamehe.

Basi nikawa naitafuta. Kila saa kuukuu iliyowekwa kundini nilikuwa naivuta picha mpaka iharibike. Miaka ikapita hivyo, mke wangu akawa ananiita mgonjwa, na sikumbishia.

Msimu wa korosho uliopita, baada ya magharibi, akatokea muuzaji mgeni kundini. Jina lake aliandika Mzee wa Nanganga tu. Akaweka picha ya saa mkononi na karatasi pembeni. Wadau wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza saa yake inaishi nchi gani, mwingine akasema mashine imekufa, mshale uko upande wa pili na tarehe imetangulia siku moja. Mimi sikucheka. Sikuwa naangalia saa tena, nilikuwa naangalia mkono. Kovu lilikuwepo. Kidole kilichopinda kilikuwepo. Na karatasi ilikuwa na tarehe ya siku ile ile.

Ungefanya nini? Mkono nimeuosha kwa maji ya maiti, nimeufunga ndani ya sanda, leo unauza saa simuni. Nikaandika kwamba naichukua mimi. Akanijibu nimfuate Nanganga kesho jioni, nije na hela.

Nilikwenda kwa pikipiki yangu, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta ameketi juu ya kreti nje ya ghala lililofungwa. Hatua chache kutoka hapo alikuwepo mama mmoja anauza maziwa, Mama Kulwa, wa zile familia zilizokuja na ng'ombe kutoka huko Kanda ya Ziwa. Niamini, sikumkuta mtu anayefanana na baba. Nilimkuta baba, na shati lake la shamba lenye kiraka begani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mnunuzi?"

Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Nikamtajia jina la mama. Nikamtajia shamba, na mbwa wetu aliyeliwa na fisi. Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mteja anayekuzungusha ili umpunguzie. Akataja bei, nikataja yangu kwa mazoea tu, akakataa. Baba yangu mzazi alikuwa ananibania bei ya saa yake mwenyewe. Nikashindwa, nikamwambia, "Baba, hunijui? Mimi ni mwanao. Hii si ilikuwa iwe yangu?"

"Kitu kikishauzwa hakirithiwi, bwana," akasema. "Kinanunuliwa."

Aliniita bwana. Nikatoa hela, akazipokea. Vidole vyake vilikuwa na joto, kama vyako hivyo. Hakuivua saa mpaka ilipotimia kumi na mbili, tukaitazama wote wawili, tarehe ikaruka, naye akatabasamu. Alilitabasamia lile dirisha dogo la tarehe. Mimi hakunitazama.

Aliponipa akasema neno moja la ziada. "Mishale usiigeuze. Iache ilivyo."

Kisha akainuka, akashika njia ya kwenda kwenye mikorosho. Usidhani aliyeyuka kama moshi. Alitembea tu, taratibu, kama mtu aliyemaliza biashara yake, na nilipomwita hakugeuka.

Nimefika nyumbani nakuta simu imejaa ujumbe. Admini anataka picha ya kupokea, mishale ilingane na simu, la sivyo biashara inafutwa na mimi naondolewa. Wewe unayeishi nje ya mambo haya utaniona mpumbavu, lakini lile kundi ndilo lililonirudishia saa, na sheria zake nilizizoea kama sala. Nikajiambia naigeuza kwa ajili ya picha tu, halafu nairudisha. Nikaigeuza, nikapiga picha, nikaituma bila kuitazama mara mbili.

Majibu hayakuchelewa. "Kaka, huo si mkono wa yule yule mzee?"

Nikaitazama picha. Kovu la mshazari, kidole kilichopinda. Nikautazama mkono wangu kwa macho, msafi, hauna hata mkwaruzo. Nikapiga nyingine na nyingine, mkono ni ule ule. Wakaniita tapeli, nimejiuzia mwenyewe ili nipandishe bei ya saa za aina hiyo, na wakaniondoa. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Saa nikairudisha alivyoipanga baba, ikasimama papo hapo, na hata uitikise vipi haitembei.

Mpaka leo ndivyo nilivyo. Binti yangu ameolewa mwaka huu, na katika picha ya ukutani mkono ulio begani kwake si wangu. Mama yangu alipoiona alilia, akaniuliza nimeutoa wapi mkono wa mumewe.

Nilirudi Nanganga. Kreti ilikuwepo, mzee hakuwepo. Mama Kulwa alimkumbuka vizuri na hakuogopa kumtaja, kwa sababu yeye ni mgeni huku, hakuwepo tulipomzika. Alisema yule babu alikuwa anaketi pale kila jioni, akimpa maziwa hanywi, akimuuliza anamngoja nani anamjibu.

"Alisema anamngoja mwanawe?"

Alifikiri kidogo, mama wa watu, akitaka kunisaidia. "Hapana, baba. Alisema mnunuzi."

Kwa hiyo wewe unayenunua saa simuni, usikague saa tu, kagua na mkono. Ukiona ni mkono unaoujua, na mwenyewe ulishamzika, zima simu ukasome dua. Usiulize bei. Yule unayemtamani hatakuwepo huko, atakuwepo mtu anayeuza saa.