Siku Nilipotoa Makochi Nje

Kila ikifika Desemba simu yangu hujaa sebule za watu nisiowajua. Mwaka juzi zilikuwa za kijivu kitupu. Mwaka jana kijivu kikaonekana cha kizamani, wote wakahamia kwenye rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Kuna dada mmoja mwenye sauti ya upole anayeeleza kwamba nyumba inahitaji kupumua, na kwamba huwezi kuukaribisha mwaka mpya katika chumba kilichojaa vitu. Mimi hubishana na simu. Nani kasema nyumba inapumua? Na huyo dada amewahi kuliona vumbi la kwetu Bukiriro mwezi wa nane likitua juu ya ukuta mweupe? Nabishana, lakini video naitazama hadi mwisho.

Nilikuwa nimemaliza chuo na nipo nyumbani kwa mama, nasubiri ajira. Baba alikuwa amefariki mwezi wa tatu mwaka huo. Huku kwetu, nyumba ikipata msiba, jambo la kwanza ambalo majirani hufanya ni kuitoa sebule nje. Makochi, meza na stuli vinapangwa uwanjani, wanaume wanakaa hapo. Ndani zinatandikwa nyasi na mikeka, wanawake wanakaa chini na wafiwa. Hakuna anayeagizwa. Mtu akipita barabarani akaona makochi nje yametazamana, anajua, na anakata kona kuingia.

Baada ya mazishi majirani hao hao walirudisha vitu ndani, ila walivirudisha kama watu wasiojua nyumba inavyokaa. Kabati la vyombo likaziba nusu ya dirisha. Kochi la baba likawekwa pembeni, limelitazama kabati. Mama hakuligusa. Ilipita miezi tisa chumba kikiwa hivyo, chenye giza mchana, na watu wakaacha kuingia. Waliokuja kumsalimu waliishia barazani, mama akiwatolea viti vidogo vya jikoni. Nilimuuliza mara moja kwa nini hatusogezi tu lile kabati. Alisema lina vyombo vingi. Nilijua kwamba hilo si jibu.

Siku moja tukiwa tunapeta maharage alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Nataka mwaka huu watu waingie ndani wakae." Kisha akaongeza kwamba kwa vile mimi kutwa naangalia nyumba za watu kwenye simu, basi niangalie na ya kwetu. Aliniachia kila kitu, rangi niichague mwenyewe.

Nilikwenda Ngara mjini nikarudi na ndoo ya rangi ya maji, ile ile ya maziwa na chai niliyokuwa nikiicheka. Dukani walikuwa pia na kapeti za majani ya plastiki, kijani kibichi, za kutandika sebuleni. Nikauliza inakuwaje watu waliotandika nyasi za kweli tangu enzi za babu wauziwe za plastiki. Muuzaji alinijibu kwamba za plastiki hazinyauki.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya mama alikwenda shambani ng'ambo ya bonde kung'oa maharage, simu yake akaiacha kwenye chaji. Nilikuwa nimemwambia kwamba siku hiyo nitasugua kuta kwa msasa tu. Alipoondoka nikaona kwamba kupaka rangi chumba kilichojaa ni kujitesa. Nikabandua kalenda za parokia, sita, zilizotundikwa moja juu ya nyingine. Nikavua vitambaa vya makochi nikaviloweka. Nikalikokota kabati hadi barazani. Makochi nikayatoa uwanjani, nikayapanga mistari miwili inayotazamana, ili nipate pa kupita na ndoo. Kisha nikajifunga kitambaa kichwani, nikapanda stuli, nikaanza na ukuta wa dirishani. Chumba kilikuwa kimejaa mwanga. Nilifurahi sana, hilo siwezi kulikana.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mfugaji anayekaa chini ya barabara, aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Aliegemeza fimbo yake kwenye ua, akavua kofia. Nikamwamkia kupitia dirishani, akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa kwenye kochi. Nikadhani amechoka. Baadaye walikuja wanaume wengine wawili, nao wakakaa, bila mazungumzo. Mimi ninayehoji kila kitu sikuwauliza wale wazee wamefuata nini. Nilifikiri wanapumzika kwenye makochi kwa kuwa makochi yapo.

Kisha akaja mama jirani na mzigo wa kuni kichwani. Aliutua jikoni, akajifunga vizuri khanga yake, akaingia sebuleni na kunikuta juu ya stuli. Aliangalia kuta tupu, akaangalia sakafu, akanisogelea.

"Mama yako wamempeleka wapi?"

"Yupo shamba."

"Sasa aliyefariki ni nani?"

Niligeuka nikatazama nje. Niliona mistari miwili ya makochi na wazee watatu wenye kofia magotini, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo niliiona kama mtu anayeitazama kutoka barabarani. Niliruka chini niwaambie. Lakini mama alikuwa tayari anapanda kilima, kikapu kichwani, na alikuwa ameshaona.

Mwezi wa tatu alipotoka hospitali na mwili wa baba, kitu cha kwanza alichokiona kutoka pale pale kilimani kilikuwa makochi hayo. Safari hii waliokuwa wamebaki katika nyumba yetu ni watatu tu: yeye, mimi, na mdogo wangu anayeendesha bodaboda Biharamulo. Mimi alikuwa ananiona mlangoni.

Alikitua kikapu taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akatembea hadi nilipokuwa nimesimama.

"Ni mdogo wako?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyekufa. Napaka rangi."

"Usinifiche."

Nilimwonyesha mikono yangu iliyojaa rangi. Hakuitazama. Na angewezaje kuniamini? Huku kwetu habari ya kifo mtu haambiwi njiani. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, anaambiwa njoo nyumbani kuna wageni, hadi afike, akalishwe chini, ashikwe mabega. Kila mfiwa huanza kwa kuambiwa kwamba hakuna kitu. Mama jirani, kwa huruma yake, akamshika mkono akamwambia akae kwanza, maneno yale yale wanayoambiwa wafiwa.

Nikampigia mdogo wangu. Simu iliita hadi ikakata. Wazee wote walikuwa wamesimama. Nikapiga tena, vidole vikiacha rangi kwenye kioo, huku nikiwaza kwamba pengine nimeuita msiba wa kweli kwa ujinga wangu, mimi nisiyeamini kabisa kwamba mambo huitwa. Mara ya tatu akapokea, pikipiki ikinguruma, akilalamika kwamba ana abiria na ni kitu gani hicho kisichoweza kusubiri.

Mama alinipokonya simu. Alimuuliza yuko wapi, amembeba nani, abiria huyo amevaa nini. Alimuuliza kama amekula. Akasikiliza majibu yote, hata yale yaliyokuwa kelele tupu za upepo, kisha akamwambia aendeshe polepole na mwaka mpya aje nyumbani. Alipomaliza alikaa kwenye kochi lililokuwa karibu, akajifunika uso kwa upande wa khanga. Hakuna aliyemharakisha.

Mzee mfugaji ndiye aliyeongea kwanza, akinitazama mimi.

"Msomi, kwetu mtu akitaka kupaka rangi anapaka. Hatutangazii kijiji."

Mmoja wa wale wawili alicheka, akajizuia. Mama jirani akasema kuni zake nzito vile hazirudi kwake hata iweje, heri tupike maharage yaliyoletwa. Nikawaomba radhi wote, na mama nikamwomba kwa kupiga magoti. Alinigusa kichwani, akaniambia niinuke, naharibu sketi.

Wazee wakajitolea kurudisha vitu ndani. Walikuwa wamebeba kochi la kwanza hadi mlangoni mzee aliposimama, akauliza kama wayaweke yalivyokuwa.

"Hapana," mama alisema.

Akaondoka alipokuwa amekaa, akawatangulia. Nilimsikia akiwaelekeza: hili huku, hilo ligeuzeni, kabati lisikae tena dirishani, liende ukuta ule ambao haujapakwa. Alikuwa na mpango mzima kichwani, pengine tangu mwezi wa nne. Kochi la baba lilipoingia, wazee waliliweka katikati ya chumba, wakasita. Mama alilisukuma mwenyewe hadi mahali pa kutazama mlango. Kisha akamwambia mzee mfugaji, "Kaa hapo, nione kama jua litakupiga machoni."

Mzee alinitazama kama anayeomba ruhusa, lakini ruhusa haikuwa yangu kuitoa. Akakaa. Jua halikumpiga.

Tulikula maharage ndani, sahani magotini, harufu ya rangi ikiwa kali, kuta mbili mpya na mbili za zamani. Walikaa hadi alasiri wakimsimulia mama mambo ya kijiji ambayo kwa miezi tisa alikuwa akiyasikia nusunusu barazani. Kesho yake nilikuta kwenye ukuta wangu wa maziwa madoa matatu ya migongo ya watu walioegemea kabla rangi haijakauka. Nikachukua brashi nifute. Mama akasema niache kwanza, mwaka mpya watakuja wengine, nitapaka wakishaondoka.