Mzigo wa Mgeni Kwenye Kihenge

Nakumbuka siku ile kule Ilemba, nikiwa msichana bado, mgeni alipofika kwetu na kisanduku cha bati. Kidogo, mwanangu, lakini wanaume wawili walikibeba wakihema. Alisema anatoka ng'ambo ya Tanganyika, akaomba kukiacha kwa muda ndani ya kihenge chetu cha ulezi.

Sisi Wafipa unatujua. Mgeni tunampigia makofi ya salamu, tunamsongea ugali, na habari za mzigo wake hatuulizi. Baba akakubali.

Shangazi yangu Yustina aliporudi kutoka shambani na kusimuliwa habari ya kisanduku, hakukisogelea kihenge.

"Kaka, umepokea nini?"

"Mali ya mgeni, dada. Nitamhojije?"

"Kwa mdomo wako huohuo! Watoto wanakula ulezi wa humo. Kitu kidogo vile, kizito vile, na wewe unaona haya?"

Baba alinuna, lakini akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Wakaja askari, kisha watu wenye vipimo, wakatutoa uani kwetu wenyewe. Walisema ni madini ya urani, yameibwa nchi jirani, na haijulikani yalikuwa yanapelekwa kwa nani. Ulezi wote ukafukiwa. Mgeni hatukumwona tena. Tulikula kwa kuomba, na mtoto akikohoa tu, mama alishtuka.

Siku hizi redio inazungumzia umeme wa nyuklia, kwetu na kwa majirani. Siukatai, hapa Pito umeme ukikatika nami nalalamika. Naogopa vinavyopitishwa kwa njia za panya. Nchi moja ikiibiwa kitu kile, jirani zake wanaanza kutazamana vibaya, na sisi tunaoishi karibu na mpaka ndio tunaopekuliwa kwanza.

Halafu jana unaniambia kuna mtu Kasanga anataka Fuso lako libebe mtungi wa chuma usiofunguliwa hadi Tunduma, nawe uliona aibu kumhoji mtu mzima! Sikulala, mwanangu. Mkeo ana mimba, na gari unaliegesha dirishani kwake.

Basi muulize. Muulize mbele ya watu, na akizungusha maneno, usipakie. Nenda polisi, hata akikuita mshamba. Heshima yetu kwa wageni haikuwekwa ili watu wafe kwa kunyamaza.

Mungu akupe ulimi mkali mbele ya mtu huyo, akurudishe nyumbani mikono mitupu, na mjukuu wangu azaliwe mzima.